Mambo Msiige na jirani yake Zamani: uhakiki wa nyongeza ya nyumba ya kale kwa kipimo cha takhmisi

0. Utangulizi

Mtu anayetaka kuiongezea nyumba ya kale sehemu mpya hupewa mashauri mawili yanayopingana. Washauri wa kwanza humwambia aige: dirisha jipya lifanane na la zamani, rangi iwe ileile, mgeni asitambue mahali ukuta wa babu unapoishia na wa mjukuu unapoanzia. Washauri wa pili humkataza kuiga. Husema kwamba kuiga ni kughushi, na kwamba kila zama lazima ziweke alama yake. Hawa wa pili hutegemea Mkataba wa Venice wa mwaka 1964. Kifungu chake cha 9 kinataka kazi yoyote ya ziada isiyoepukika itofautiane na umbo la awali na ionyeshe wakati wake. Kifungu cha 13 kinakataza nyongeza zinazopunguza thamani ya sehemu muhimu za jengo, mandhari yake ya jadi, mlingano wa umbo lake au uhusiano wake na mazingira.

Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba lipo shauri la tatu, na kwamba halihitaji kuagizwa kutoka ng'ambo. Limo ndani ya fasihi ya Kiswahili yenyewe, katika sanaa ya takhmisi. Tutalieleza, kisha tutalitumia kuhakiki jengo moja linalojulikana, yaani hoteli iliyofunguliwa mwaka 2015 huko Shangani, Mji Mkongwe wa Zanzibar, ambamo nyumba ya karne ya 19 iitwayo Mambo Msiige imeunganishwa na jengo jipya.

Msomaji wa Lubumbashi, Kisangani au Bukavu anaweza kuuliza: ya Zanzibar yatuhusu nini? Yanatuhusu kwa njia mbili. Kwanza, Kiswahili kilichofika Maniema katika karne ya 19 kilisafiri pamoja na watu waliotoka katika mitaa hiyo ya mawe. Hamed bin Muhammed el-Murjebi, tunayemwita Tippu Tip, aliyetawala biashara huko Kasongo, alifariki mwaka 1905 mjini Zanzibar, na nyumba yake ingali inaonyeshwa Shangani. Pili, swali la jinsi ya kuongeza juu ya kilichorithiwa ni la kila mji wenye umri, na la kila lugha pia.

1. Jina kama hukumu

Tuanze na jina, kwa kuwa sisi ni watu wa lugha. «Mambo Msiige» ni sentensi kamili yenye kitenzi -iga, nafsi ya pili wingi, hali ya kukanusha, dhamira ya kukataza. Mwanasarufi atatambua kwamba yambwa imetangulizwa bila kurejelewa ndani ya kitenzi. Usanifu ungependelea «mambo haya msiyaige». Lakini jina la nyumba hufuata desturi ya methali na ya ushairi, ambamo maneno hupunguzwa ili yapigwe kwa mkupuo mmoja. Mwenye nyumba, Mwarabu tajiri wa katikati ya karne ya 19, aliwatazama majirani zake, akawaambia: nimefanya niliyoyafanya, nanyi msithubutu kuyafuata.

Masimulizi ya mji yameyatilia nguvu majivuno hayo. Husimuliwa kwamba maelfu ya mayai yalichanganywa katika chokaa ili kuta ziwe imara. Husimuliwa pia, kwa sauti ya chini, kwamba watumwa walizikwa hai ndani ya kuta hizo. Iwe kweli au isiwe, simulizi hili la pili halistahili kupitwa haraka. Linatukumbusha kwamba fahari ya majumba ya mawe ilijengwa na mikono isiyoandikwa majina, na kwamba wengi wa wenye mikono hiyo walitoka bara, huku kwetu. Kwa hiyo mtu asidhani kwamba mhakiki anayetetea nyumba ya kale anatetea kila kilichofanywa ndani yake. Nyumba hutetewa kwa kuwa ni shahidi, na ushahidi wake unawahusu waliojenga kama unavyowahusu walioamuru kujengwa.

Baadaye nyumba ilibadilishwa kazi mara nyingi: ikawa ya wamisionari Waingereza, ikawa ubalozi wa Uingereza, ikawa hospitali ya Wazungu, ikawa ofisi za serikali. Kila mpangaji aliacha alama yake. Kwa hiyo hata kabla ya hoteli kuja, Mambo Msiige haikuwa tena ile ya siku ya kwanza. Jambo hili ni la msingi katika hoja yetu: asemaye «iacheni kama ilivyokuwa» hana budi kujibu, «ilivyokuwa lini?»

2. Nyumba ya mawe ilijua kukua

Wapo wanaodhani kwamba kuongeza ni uzushi wa leo na kwamba wazee walijenga mara moja tu. Ushahidi wa pwani unapinga. Katika nyumba za mawe za Lamu, ambazo nyingi zilizosalia ni za karne ya 18, mpango wa ndani hufuata ngazi za faragha: daka mlangoni, kisha kiwanda kilicho wazi kwa juu, kisha msana wa tini, msana wa yuu, na hatimaye ndani. Mpango huo ulikuwa tayari kupokea nyongeza. Binti alipoozwa, baba alipaswa kumpatia makao, na mara nyingi makao hayo yalikuwa ghorofa mpya juu ya nyumba ya wazazi. Jamaa walipokuwa na nyumba mbili zinazotazamana, waliweza kujenga wikio, yaani chumba kinachopita juu ya njia na kuziunganisha, huku wapita njia wakiendelea na safari yao chini. Zanzibar nako majumba ya kifalme ya Beit al-Sahel, Beit al-Hukm na Beit al-Ajaib yaliunganishwa kwa njia za juu, ili wanawake wa jumba wapite bila kushuka barabarani.

Tutazame masharti yaliyoongoza nyongeza hizo. La kwanza lilitoka katika boriti. Upana wa chumba uliwekwa na urefu wa mti wa mkoko unaoweza kubeba dari ya mawe na chokaa, nao hauzidi sana mita mbili na nusu au tatu. Chumba kiliweza kurefushwa, hakikuweza kutanuliwa. Kwa hiyo sehemu mpya, hata ikijengwa miaka 100 baada ya ile ya kwanza, ilikuwa na kipimo kilekile, na mji mzima ulikuwa na mwendo mmoja. Boriti ilikuwa mizani ya nyumba.

Sharti la pili lilitoka katika chokaa. Kuta za matumbawe na chokaa hunywa maji ya mvua na kuyatoa kwa jua. Huvuta na kutoa pumzi. Fundi akizifunika kwa saruji ngumu, unyevu hufungiwa ndani, chumvi hula ukuta, na ncha za boriti huoza mahali zisipoonekana. Nyongeza ya chokaa iliishi na mwenzake kwa amani. Ya saruji humwua jirani yake taratibu, hata kama imechorwa kwa ustadi.

Sharti la tatu lilitoka katika baraza. Kiti hicho cha mawe kando ya mlango ni mali ya mwenye nyumba, lakini hukaliwa na mpita njia. Nyumba ya mawe, iliyofungwa kwa nje ili kulinda faragha, ililipa deni lake kwa mji kupitia baraza. Hata wikio ilichukua anga ya njia, ikairudishia njia kivuli. Ziada iliyochukua kitu cha watu ililazimika kurudisha kitu kwa watu.

3. Takhmisi kama kanuni ya kuongeza

Sasa tugeukie ushairi. Takhmisi, neno lililotokana na tano kwa Kiarabu, ni sanaa ya kuliongezea shairi la mtangulizi. Mshairi huchukua mishororo miwili ya kale, huitangulizia mitatu yake, na ubeti ukawa wa mishororo mitano. Mfano mashuhuri kwa Kiswahili ni Takhmisi ya Liyongo, ambayo kwa mapokeo hutajwa kuwa kazi ya Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir, yuleyule anayehesabiwa kuwa mtunzi wa Al-Inkishafi. Yeye aliyachukua maneno yanayonasibishwa na Fumo Liyongo, shujaa na mshairi wa karne za nyuma, akayajengea beti katika bahari ya wajiwaji yenye mizani 15 kwa mshororo.

Kutokana na sanaa hiyo tunaweza kutoa kanuni nne.

(a) Cha kale hubaki kizima. Mtunzi wa takhmisi hana ruhusa ya kufuta hata silabi moja ya mtangulizi wake ili maneno yake mwenyewe yapate nafasi.

(b) Kipya hufuata mizani na kina. Mishororo mitatu huchukua kina cha mshororo wa kale unaofuata. Asiyeweza kufuata mizani ametunga guni, na guni halisamehewi kwa sababu ya ukubwa wa fikra zake.

(c) Kipya lazima kiseme neno. Kurudia maneno ya mtangulizi kwa maneno mengine si takhmisi. Msikilizaji hutarajia maana iongezeke na neno la kale lisikike upya kwa sababu ya yaliyolitangulia.

(d) Kauli ya mwisho ni ya kale. Mishororo mipya hutangulia, hutayarisha njia, kisha hunyamaza. Ubeti hufungwa na mtangulizi.

Msomaji ataona kwamba kanuni hizi hazilingani na ushauri wa kuiga wala na ule wa kutofautiana. Takhmisi hufuata bila kunakili. Mtu anayejua shairi la kale hutambua mara moja lipi ni la nani, na asiyejua huusikia ubeti mmoja usiokwaruza masikio. Mkataba wa Venice unataka nyongeza itambulikane, takhmisi inakubali. Lakini Mkataba hausemi mengi kuhusu namna ya kutambulikana, na ndiyo sababu wengi wamekisoma kifungu cha 9 kama ruhusa ya kubandika sanduku la kioo ubavuni mwa nyumba ya mawe, kisha wakaita tofauti hiyo uaminifu. Kwa kipimo cha takhmisi, sanduku hilo limetimiza (c) labda, na limeshindwa (b) kabisa.

4. Zamani mbele ya Mambo Msiige

Tukiwa na kipimo hicho, twende kwenye uwanja wa Kelele. Hoteli ina vyumba 67, na sehemu kubwa ya hivyo imo katika jengo jipya lililojengwa kando ya nyumba ya kale, kuelekea bahari. Jengo hilo jipya limepewa jina la «Zamani».

Hapa mhakiki wa lugha hana budi kusimama. Nyumba iliyo ya zamani kweli inasema «msiige». Nyumba iliyojengwa jana, jeupe kama jirani yake, inajiita «Zamani». Sidhani kwamba waliochagua jina walikusudia kejeli, lakini majina mawili yakiwekwa pamoja hutoa hukumu ambayo mhakiki hangeweza kuitunga vizuri zaidi. Jengo jipya limekatazwa kuiga na limeiga. Kisha, likiwa halitosheki na mavazi, limechukua na umri. Kwa kanuni ya (c) hili ni kosa. Mishororo mipya inajifanya ndiyo ya kale, na msikilizaji mgeni hudanganyika kuhusu nani alisema nini.

Kwa kanuni ya (a) tuwe waadilifu. Nyumba ya kale imesimama, imetengenezwa, inakaliwa. Jambo hilo si dogo katika mji ambao majengo yake hufa kwa kutojaliwa. Beit al-Ajaib, lililojengwa mwaka 1883, liliporomoka sehemu yake tarehe 25 Desemba 2020 lilipokuwa katika ukarabati, na watu wawili walifariki. Anayesema kwamba ni afadhali Mambo Msiige ingeachwa bila kazi na bila fedha hajapita chini ya dari ya boriti zilizooza. Nyumba isiyo na watu hufa, na Al-Inkishafi imekwisha kutuonyesha majumba ya Pate yaliyobakiwa na ndege katika zidaka zake.

Lakini kwa kanuni ya (b) na ya (d) utetezi unakwisha. Takhmisi huongeza mitatu kwa miwili. Ziada yake ni kubwa kuliko asili, lakini inajulikana na ina mpaka. Katika Zamani mpaka uliwekwa na hesabu ya vyumba ambavyo mwekezaji alivihitaji ili fedha zake zirudi. Zege lenye nondo halina urefu wa boriti. Linaweza kwenda popote, na kwa hiyo haliwezi kujizuia lenyewe. Ni lazima lizuiwe na mtu. Kamati ya Urithi wa Dunia, ambayo iliuandikisha Mji Mkongwe mwaka 2000, ilieleza wasiwasi wake kuhusu mradi huu kabla ya hoteli kufunguliwa, hasa juu ya ukubwa wa jengo jipya na nafasi ya wazi ya ufukweni. Jengo likajengwa. Atazamaye leo kutoka baharini haoni nyumba moja ikifuatwa na nyongeza yake. Huona nyongeza yenye nyumba kando yake. Kauli ya mwisho imechukuliwa na aliyekuja mwisho.

Kosa zito zaidi, kwa maoni yetu, limo katika baraza kuliko katika umbo. Nyumba za mawe zilipokua zilijitwisha deni kwa wapita njia. Jengo hili limekua kwa kuchukua sehemu ya mahali palipokuwa wazi kwa wote, kando ya bahari, katika mtaa usio na nafasi nyingi za namna hiyo. Kilichorudishwa ni kazi za hotelini na kodi, na hatuvidharau. Lakini havikaliki jioni kama baraza.

Kwa kulinganisha, tazama upande mwingine wa uwanja huohuo. Mwaka 1997 ilifunguliwa huko hoteli ya Serena, ndani ya majengo mawili ya zamani: lile la mawasiliano ya simu lililojulikana kama Extelecoms, na lile lililoitwa makazi ya madaktari wa Kichina. Nayo ni hoteli ya wenye fedha, na mtaa haukuwa wake zaidi kuliko wa wengine. Lakini mradi ulianzia katika majengo yaliyokuwapo. Ilikuwa katika miaka ileile ambapo mpango wa kuhifadhi Mji Mkongwe ulipitishwa, mwaka 1994. Tofauti ya hoteli hizi mbili haimo katika ladha ya wachoraji. Imo katika swali lililoulizwa kwanza: je, tuliulize jengo linaweza kubeba nini, au tuulize tunahitaji nini kisha tulilazimishe jengo?

5. Pingamizi mbili

Pingamizi la kwanza litasema: shairi si nyumba. Sayyid Abdalla alipoongeza mishororo yake, maneno ya Liyongo yalibaki vifuani mwa watu jinsi yalivyokuwa. Takhmisi mbaya ingesahauliwa tu bila kumdhuru mtangulizi. Nyumba ni moja, na ikiharibiwa imeharibika.

Pingamizi hili ni la kweli, na badala ya kuivunja hoja yetu linaitia makali. Ikiwa mshairi, ambaye hawezi kuharibu asili, amejifunga kwa kanuni nne, mjenzi anayeweza kuiharibu anastahili kujifunga kwa ya tano: ziada yake iweze kuondolewa siku moja bila kuacha jeraha. Iegemee ukuta wa kale pasipo kuutoboa ovyo, iungane nao kwa chokaa na mbao inapowezekana, na misingi yake isiisumbue misingi ya jirani.

Pingamizi la pili litasema kwamba tunadai ushairi mahali penye haja ya choo, umeme na maji. Watu wanaokaa katika nyumba za kale ni maskini mara nyingi. Nyumba ya Tippu Tip yenyewe kwa miaka mingi imekaliwa na familia kadhaa ambazo hazikuwa na uwezo wa kuitengeneza. Tunajibu kwamba kanuni za takhmisi si anasa. Ghorofa ya binti aliyeolewa Lamu ilijengwa kwa haja tupu, na ikafuata mizani. Haja ya maskini, kwa kawaida, ni chumba kimoja. Inayovunja mizani mara nyingi ni haja ya fedha.

6. Hitimisho

Tumeonyesha kwamba nyongeza ya kisasa si adui wa nyumba ya kale, na kwamba pwani ya Waswahili ilikuwa na adabu ya kuongeza katika mawe na katika maneno. Tumeipima hoteli ya Shangani kwa adabu hiyo, tukaikuta imehifadhi cha kale, lakini imekosa mizani, imekosa neno lake yenyewe, na imejitwalia kauli ya mwisho pamoja na uwanja.

Kwa wanafunzi wetu liko funzo la karibu. Lubumbashi, mji ulioanzishwa mwaka 1910, una nyumba za matofali za enzi za ukoloni, na kila penye njia ya biashara nyumba hizo huongezewa duka mbele au chumba ubavuni. Wenye nyumba hawakosei kwa kuongeza. Swali ni kama duka jipya linauacha mlango wa kale uonekane, kama ukuta wake unafuata kimo cha ule uliotangulia, na kama mpita njia bado ana mahali pa kupita na kivuli cha kusimama.

Na kwa sisi tunaoshughulika na lugha, kazi iko vilevile. Istilahi mpya tunazoziunda kila mwaka ni vyumba tunavyoiongezea nyumba ya Kiswahili. Nazo zipimwe hivyohivyo: je, zinaliacha neno la kale zima, zinafuata mizani ya lugha, zinasema jambo ambalo halijasemwa, na zinakumbuka kwamba waliotutangulia bado wanakaa humo?